Marselino Hupita Jumamosi

Jumamosi, 1 Juni 1957

Leo tena. Tumetoka Lipangalala saa tisa na nusu, Mama Apolonia kanishika mkono, mimi nimebeba kigoda chake maana mabenchi ya senema yanamuumiza kiuno. Jua kali. Kila tunayekutana naye ni shikamoo Mama, marahaba, waenda wapi — naenda kumwona mwanangu. Anajibu hivyo hivyo, kama vile anakwenda kijiji cha Mbingu kumjulia hali. Watu wamezoea. Mimi sijazoea.

Picha ya kivuko ndiyo ya kwanza siku zote, kabla ya zile za Kihindi. Haina sauti. Wazungu wa gari la picha walikuja mwaka 1953, wakawapiga watu picha pale kivukoni, halafu wakamwachia Bwana Virji, mwenye senema, mkanda mmoja. Dakika tatu tu, lakini Ifakara nzima imo. Na watu hawanyamazi! Kila uso ukitokea wanautaja. Konsolata huyo na kapu lake! Mbuzi wa Theodori huyo! Mbuzi mwenyewe alishaliwa zamani. Kisha anakuja yeye. Anavuta kamba ya kivuko, anageuka, anacheka, anafuta jasho kwa bega. Ukumbi mzima unaita Marselino.

Hapo Mama hunibana mkono. Macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli basi, kwa hiyo kumweleza ni kazi yangu. Amepita? Amepita, Mama. Anacheka? Anacheka.

Mume wangu huyo. Mto ulimchukua Machi mwaka juzi, alipokwenda kutazama nyavu zake. Mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya Misa Viktor kanisubiri nyuma ya karakana. Viktor ni seremala, hata mabenchi ya senema ni kazi ya mikono yake. Mkewe alifariki, kamwachia binti mmoja. Hana maneno mengi. Si neno, mimi ninayo ya kututosha wawili.

Aliuliza Padre kasemaje. Nikamwambia: Padre hana kinyongo na sisi, ila mwili haukupatikana, kaburi hakuna, na hawezi kunifungisha ndoa ya pili kwa kudhani. Anataka mama mzazi aende ofisini aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa. Maneno mawili matatu, basi.

Na Mama hasemi! Hata matanga hakukubali yamalizwe. Hakunyolewa mtu, haikupikwa pombe. Wazee wa ukoo walipomwendea aliwaambia hafanyiwi matanga mtu anayeonekana na watu mia kila Jumamosi. Wakarudi zao wakicheka. Aliyebaki ni mimi. Miaka miwili na miezi mitatu, si mke, si mjane.

Viktor amepata shamba Mbingu. Anahama mavuno yakiisha. Anasema hataki kunisukuma. Sasa asiponisukuma yeye, atanisukuma nani?

Jumatano, 5 Juni

Bwana Virji kaniita nifagie ukumbi leo badala ya Ijumaa. Mimi nafagia, yeye anatuingiza bure mimi na Mama, ndiyo mapatano yetu. Nikiwa nafagia akaniambia: senema inafungwa. Jengo ameliuza. Tajiri mmoja wa Morogoro analitaka liwe ghala la mpunga. Eti ni jengo zuri, halina madirisha, panya hawaingii. Mimi niliyefagia mavi ya panya humo miaka miwili nikaendelea kufagia. Jenereta imechoka, na yeye kachoka, anahamia Dar es Salaam kwa kaka yake. Zimebaki Jumamosi mbili.

Nilipotoka nje nilifurahi. Naandika kweli, hakuna atakayesoma. Nilifurahi! Nikaona senema ikifungwa Mama atakosa pa kumwona, na akikosa pa kumwona atasema yale maneno. Nimetembea mpaka sokoni nacheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikakumbuka sina picha yake nyingine. Hata moja. Siku ya ndoa yetu mpiga picha alizuiwa na mvua. Nikasimama pale kwenye mafungu ya samaki nikajaribu kumwona usoni, nikampata yule wa kwenye kitambaa cha senema tu, anayefuta jasho kwa bega. Yule wa nyumbani, aliyekuwa akinikasirikia chumvi ikizidi, simpati tena.

Sikununua samaki. Tumekula mboga.

Jumamosi, 8 Juni

Mungu wangu.

Mkanda umeungua. Palepale! Konsolata kapita na kapu, mbuzi kapita, kamba imetokea — mashine ikakwama. Mkono wa Marselino ukasimama juu ya kamba. Kisha doa la kahawia, likapanuka, likamla mkono, likamla kifua. Halafu kitambaa cheupe. Harufu mbaya ikaja kutoka nyuma, kama nywele zilizoungua.

Watu kimya. Ukumbi umejaa na huwezi kusikia hata mtu akikohoa. Mama kanibana mkono, kauliza amepita? Sauti yake ilifika mpaka mlangoni. Neno lilikuwa ulimini, naapa. Hapana, Mama, hayupo. Yeye hayupo na sasa hata picha yake haipo.

Polikarpo ndiye aliyeanza. Ndiye mwendesha mashine, na zamani alikuwa akivuta kamba pamoja na Marselino. Kule nyuma kwenye mashine yake akaita Marselino! Akaita mwingine. Mara benchi zima, mara ukumbi mzima, wanakiita kitambaa cheupe. Wanawake wanapiga vigelegele.

Mama akauliza anacheka?

Nimesema anacheka.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Nimewakasirikia wote. Kanisani wananitazama kwa upole, kama watu walionipa zawadi. Zawadi gani! Wao wanarudi kwa waume zao, mimi wamenifunga kwa sauti zao na kamba wamemkabidhi mama mkwe.

Polikarpo alikuja jioni kuomba radhi. Kaniletea kipande kilichopona, urefu wa kidole. Nimekishika juani: maji, kamba, na pembeni bega moja. Bega tu. Nimekiweka katika kitabu cha sala. Nikamuuliza nani alimtuma kupiga kelele jana. Akasema alishindwa kuvumilia ule ukimya.

Yeye ukimya wa dakika moja ulimshinda. Mimi je, ninayeishi nao?

Alhamisi, 13 Juni

Kuvuna Katindiuka, siku ya nne. Mgongo hauna hali. Sijamwambia Mama kama keshokutwa ndiyo mwisho.

Jumamosi, 15 Juni

Sikuhitaji kumwambia. Mji mzima ulikuwa unasema njiani. Yeye akaongeza mwendo tu.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Picha ya kivuko ikaonyeshwa, mkanda umeungwa, na pengo lake. Walipofika pale waliita tena Marselino, kwa nguvu kuliko wiki iliyopita. Mimi nimetazama miguu yangu. Amepita, Mama. Anacheka, Mama.

Picha ya Kihindi ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Bwana Virji akafungua milango, mwanga ukaingia, watu bado wamekaa. Wakaanza kukumbushana. Yale mafuriko waliyolala humu siku tisa na kuku wao, na Balbina akajifungulia pale kwenye kona ya tiketi. Mtoto yuko darasa la kwanza, wanamwita Senema mpaka leo. Kisa cha yule mwalimu aliyejificha asionekane na Padre akakuta amekaa jirani na Padre. Tulicheka. Mimi pia nilicheka, sikatai. Mtu mmoja akasema humu ndimo alimoanza kumtazama mkewe, mke akasema mwongo, ulikuwa unatazama wale wachezaji wa Kihindi.

Kisha Mama akasema, bila kuulizwa na mtu: "Mimi mwanangu nilimzaa mara mbili. Mara ya pili nilimzalia humu."

Kicheko kikaisha. Bwana Virji akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Alhamisi, 20 Juni. Sikukuu ya Mwili wa Bwana

Maandamano yalipita mbele ya ghala. Tayari ni ghala, watu hawasemi tena senema. Malori mawili yalikuwa yanashusha mpunga, wapagazi wakasimama na magunia vichwani mpaka Sakramenti ikapita.

Viktor kachukua mabenchi sita. Anasema mbao ni nzuri bado, mawili yatatoa kitanda. Alisema kwa haya, akitazama chini. Nikawaza nitalala juu ya benchi nililokuwa nikikaa kusema amepita, amepita. Sikumwambia. Mkono wake ulikuwa na kidonda cha patasi, nikamfunga kitambaa, na nikaona sitaki kuuachia. Nampenda mtu huyu. Imeandikwa sasa.

Wazee wake wanakuja Jumapili baada ya Misa. Mama akikubali mbele yao, Jumatatu watakwenda naye kwa Padre. Asipokubali, Viktor atakwenda Mbingu na binti yake, na hatarudi kila siku kuuliza. Hakunitisha. Alisema taratibu, ndiyo maana nimeogopa. Akaniomba kitu kimoja: siku Mama akiuliza tena, nimwambie kweli.

Nimeahidi.

Jumamosi, 22 Juni

Saa tisa Mama alikuwa amevaa, kigoda mkononi. Nikasema Mama, pale sasa ni ghala, mashine imeondoka na Bwana Virji. Akasema anajua, hajawa kiziwi. Twende.

Nikaona vema, twende, tukayamalizie hukohuko.

Harufu ya mpunga mpya ilitupokea barabarani. Akavuta pumzi akasema wamevuna vizuri mwaka huu. Ndani magunia yamepangwa mpaka juu, pamebaki njia katikati. Msimamizi akataka kutuzuia, mpagazi mmoja akamnong'oneza. Alikuwa Polikarpo. Sasa anabeba magunia. Mama akahesabu hatua zake kutoka mlangoni, akaweka kigoda mahali pake pa siku zote, akaketi uso kwenye ukuta kilipokuwa kitambaa. Kumbe mlango wa nyuma ulikuwa wazi, mwanga unaingia upande uleule alioutazama, na wapagazi wanapita katikati ya mwanga. Kivuli, kivuli, kivuli. Yeye anavifuata kwa kichwa.

Akanibana mkono. Amepita?

Wapagazi wakasimama. Nusu yao walikuwa wanakaa mabenchi ya mbele. Polikarpo kafungua kinywa. Nilimnyooshea mkono, nikamkazia macho, kinywa kikafungika.

Nikasema, "Hakupita, Mama."

Mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nilingoja alie. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia, hata kumbeba mgongoni kama ingebidi. Hakulia. Kisha akapapasa karibu yake kama anayenitafutia nafasi ya kukaa.

"Basi tungoje," akasema. "Kivuko kimechelewa."

Nimemsihi. Msimamizi amemsihi. Hainuki. Wanafunga saa kumi na mbili, na Polikarpo kasema atakaa naye mpaka nirudi. Nimekuja mbio nyumbani kumchukulia kanga, ubaridi umeanza kushuka. Viktor nimemkuta mlangoni, ameleta kuku wawili wa kesho, amewafunga miguu. Ameuliza kama nimemwambia. Nimesema nimemwambia. Akatabasamu! Akauliza, naye kasemaje?

Nimemwomba angoje kidogo nje. Naandika nimesimama. Kuku wanalia, naona kivuli cha Viktor chini ya mlango.

Kanga ya Mama ilikuwa juu ya kamba. Nimeitoa. Nimetoa na yangu, ya kungojea.