Vidonge vya Siku ya Kukimbia

Mama,

Nimerudi nyumbani kwetu Bunia. Mlango umeibwa, mabati ya jikoni yamekwenda, lakini ule mparachichi upo na umezaa bila haya, utadhani hapa hapakupita vita. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na hasira hii sina mwingine wa kumpelekea.

Ulinidanganya. Kila Jumapili tukitoka misa nilikupa vidonge vyako vya njano na maji, ukameza mbele yangu, kisha ukanitolea ulimi kama mtoto aliyepokea komunyo ya kwanza. "Umeona? Niko nameza. Weye unanichunga sawa na mulinzi!" Nami nilicheka. Kumbe vilikuwa shavuni, na baadaye vikaingia kwenye fundo la kikwembe chako, kitambaa ulichojifunga kiunoni.

Sista wa kituo cha afya alitueleza polepole, wewe na mimi tumeketi bega kwa bega. Baridi yabisi yako inakula viungo. Dawa hii haiondoi maumivu leo, inazuia viungo visiharibike, ndiyo maana inamezwa siku moja tu kwa juma, miezi na miezi, na ukizidisha ni sumu. Ukaitikia vizuri, ndiyo Sista, ndiyo Sista. Halafu vidole vilivyonisuka nywele tangu utoto vikazidi kupinda, nikailaumu dawa, nikamlaumu hata Sista mwenyewe. Wewe ulikuwa unanisikiliza tu.

Asubuhi ile risasi zilipofika mtaani kwetu, nilikukuta umeketi kitandani, fundo liko wazi.

"Nilivichunga kwa siku ya kukimbia," ukaniambia. "Nimemeza vyote. Leo miguu itaamuka. Sitakuwa muzigo yako."

Wenzako waliweka akiba ya chumvi na sabuni. Wewe uliweka dawa, Mama. Dawa!

Miguu haikuamka. Nilikufunga mgongoni kwa kikwembe kilekile, nikakubeba mpaka kambi ya wakimbizi ya uwanja wa ndege. Ulikuwa mwepesi. Siku zilizofuata mdomo wako ukajaa vidonda, hata uji ukakushinda, kisha homa. Nilipompata Sista ulikuwa umekwisha kuwa hoi, hakuwa na la kukupa. Nilitoka nje ya hema nikalia kwa hasira, watu wakinitazama.

Vita vimetutenda mengi, najua. Lakini linaloniuma mimi ni moja: uliogopa nitakuacha, kama wengine walivyowaacha wazee wao. Umenizaa, umenilea, umenijua. Ukaamini vidonge kuliko mgongo wangu.

Sasa vidole vyangu navyo vinavimba asubuhi. Siwezi kumsuka mjukuu wako Neema mpaka jua lipande. Sista amenipa vidonge vya njano, vilevile. Nakuahidi nitavimeza kila Jumapili, kweli kweli, na fundo la kikwembe changu litabaki na leso ya jasho tu.

Pumzika, Mama. Kaburi lako nimelipalilia, ingawa hasira bado ninayo. Na vita vikirudi, miguu yangu ikikataa, nakuahidi na hili: nitamwambia Neema neno ambalo wewe hukuniambia. Nitamwambia, mwanangu, nibebe.

Binti yako,
Furaha