Kadre ya Jérémie

Falonne rafiki yangu, tangu Jumanne ile kadre ya baiskeli, ule mwili wake wa chuma, ilikatika chini ya kaka yangu Jérémie, akafia kwenye muteremuko wa daraja, sijapandisha sauti nyumbani. Leo nimepandisha.

Tonton Hilaire, ndugu ya baba yetu, ameleta baiskeli ileile! Ileile! Ameichomelea kadre na kuipaka rangi, eti bwana wangu Trésor afanye toleka nayo kesho, abebe abiria kwa malipo.

Nikakwangua rangi na kisu. Ufa uko palepale, umezunguka bomba.

Tonton akanipiga kofi mbele ya watu wa matanga. "Mwanamuke anajua nini juu ya baiskeli? Iko solide, nguvu kabisa!"

Trésor akamuambia: "Bon, tonton, panda wewe. Zunguka parsele, uwanja huu wa nyumba, mara moja tu."

Akakataa. Falonne, alikataa! Eti goti linamuuma.

Basi nikaleta nyundo. Tonton akanishika nywele, nikapiga kadre hata hivyo. Pigo la pili, kadre ikakatika. Nikamusukuma, akaangukia vyungu vya matanga, damu ikamutoka puani. Hakuna mutu aliyemuinua.

Mudomo wangu umevimba. Kesho, badala ya toleka, Trésor anaenda sokoni kubeba magunia kwa kichwa.