Ndahani Amebaki Kwenye Barafu

Ihumwa, Jumapili. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamekusanyika tangu asubuhi, kisha yametawanyika bila kudondosha hata tone.

Msimu wangu wa kuongoza Wazungu juu ya barafu ya Kibo umekwisha. Juzi nilishuka kwenye gari moshi pale Dodoma, nikafuata reli kwa miguu kuja huku nyumbani. Miaka mingine, nikimaliza kazi, njia hii naiona fupi. Safari hii nilikaa chini mara nyingi, nikitamani isiishe.

Nilikwenda na shemeji yangu Ndahani. Nimerudi peke yangu.

Ndahani ni mume wa dada yangu Damari. Hakuwa mtu wa milima. Alikuwa mkulima wa uwele na mwenye ng'ombe wachache, na mwaka huu uwele ulikaukia shambani ukiwa bado mfupi. Ndipo alipoomba nimtafutie kazi kwa Bwana mpima, yule Mjerumani ambaye mimi humtangulia kila kiangazi, nikimchongea ngazi kwenye barafu kwa shoka. Bwana alimtazama mabega, akamkubali.

Siku ya kwanza Ndahani alipofika kwenye barafu aliinama, akavunja kipande, akakitia mdomoni. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Alisema maji yote tunayoyachimba mchangani huko kwetu, kumbe yamekaa huku juu yamelala.

Tuliifanya kazi vizuri msimu mzima. Ilipotokea, tulikuwa tunashuka kwa mara ya mwisho.

Kwenye barafu tunafungana kamba kiunoni, mtu akiteleza mwenzake amshike. Pale kwenye mteremko mkali Bwana aliamuru Ndahani afunguliwe, maana kamba yake ilihitajika kuteremshia masanduku ya vyombo vya kupimia. Akafunguliwa, akasogea kando kutupisha. Theluji aliyoikanyaga ilikuwa imefunika ufa. Sikusikia kishindo. Niligeuka, nikaona shimo mahali aliposimama.

Alikuwa hai. Aliniita kwa jina langu la nyumbani, akisema kwa Kigogo kwamba mguu umevunjika na kwamba kuna giza. Tuliunganisha kamba zote tulizokuwa nazo, nikamteremshia. Nikamwuliza kama ameipata. Akasema haioni. Nililala kifudifudi ukingoni, mkono mzima ndani, kana kwamba mkono wangu ungeongeza urefu uliopungua. Nilimwomba Bwana anifunge nishuke mwenyewe. Alikataa. Alisema atapoteza wawili.

Sauti ya Ndahani iliendelea kupungua. Baadaye nikawa naita mimi tu.

Ukungu ukapanda, Bwana akaamuru tushuke. Nilipokawia, wapagazi wawili walinishika mikono.

Hayo ndiyo niliyokuja kumweleza mama yake Ndahani.

Nilimkuta mbele ya tembe lake anapepeta mtama wa kuazima. Tuliamkiana kama desturi, akaniuliza hali ya safari, akachungulia nyuma yangu. Nikamweleza. Mama huyu hajawahi kuona mlima unaozidi vile vilima vya mawe vya Miyuji, na mwaka huu anatembea nusu siku kufuata ndoo moja ya maji ya chumvi. Nami nikasimama mbele yake nikimwambia kwamba mwanawe amemezwa na maji magumu kama jiwe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi ni mzee, lakini si mtoto. Kama wamempeleka kwenye mashamba ya mkonge, niambie. Watu wa mkonge hurudi."

Nikaapa. Nikamwonyesha vidole vyangu viwili vilivyokufa ncha kwa baridi. Akavishika, akavigeuzageuza, akaniuliza nimeungulia wapi.

Hapo ndipo nilipoharibu mambo, kwa kutaka kumfariji. Nilimwambia alichoniambia Bwana njiani: kwamba barafu haikai mahali pamoja, inateremka polepole mno, na ilichokimeza hukitoa chini siku moja, labda wajukuu wetu wakiwa wazee.

Mama hakusikia habari ya wajukuu. Alisikia kwamba itamtoa.

"Basi tutangoja," akasema, akaendelea kupepeta.

Jana asubuhi alikataa katakata watu wakae matanga. Wazee wa ukoo walipokuja aliwaambia hakuna maiti, hakuna kaburi, na mimi mwenyewe nimekiri kwamba mlima utamrudisha. Wakanitazama. Bila matanga Damari hawezi kunyoa nywele wala kurudi kwetu. Si mke, si mjane. Atabaki kwenye tembe lile akimchotea maji mama mkwe anayengoja, na kila mwaka ataulizwa kama kuna habari kutoka kaskazini.

Dada yangu bado ni kijana.

Leo mchana nimemfuata mtoni. Alikuwa ndani ya shimo la mchanga, anakusanya maji kwa kata. Tangu nirudi hajaniuliza neno lolote. Nimeketi ukingoni, nikampokea kibuyu kilichojaa, nikampa kitupu. Akaniuliza bila kuinua uso.

"Kaka, mliondoka bado anaita?"

"Hapana. Alikuwa amenyamaza."

Akateka tena maji. Nilidhani yameishia hapo.

"Kunyamaza si kufa," akasema.

Ndilo neno ninalolikimbia tangu Kibo, kwenye gari moshi, kwenye meli ya pwani, kila mahali, na yeye amelisema kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula. Ametoka shimoni, akajitwisha kibuyu chake, akaondoka. Hakulia. Mimi pia sijalia, na naogopa kwamba sitalia tena.

Bwana ameniambia nirudi kiangazi kijacho. Amesema hakuna kama mimi kwenye barafu. Sitarudi. Lakini hapa nako sijui nitaishi vipi, nikipita kila siku mbele ya mlango ambao mama ameketi akitazama njia.

Nimewaza tangu nitoke mtoni, na naona jambo moja tu. Kesho asubuhi nitakwenda kwa wazee wa ukoo, nisimame mbele yao na mbele ya mama, niseme kwamba yale ya mlima kumrudisha yalikuwa maneno ya kumtuliza mzazi. Nitasema nilimulika taa ndani ya ufa nikamwona Ndahani amelala, macho wazi, amekufa. Watanisadiki, kwa kuwa nimesoma misheni na sijulikani kwa uongo. Matanga yatakaliwa. Damari atanyolewa, atakuwa mjane, na siku moja ataweza kuwa kitu kingine. Mama atanichukia mpaka aingie kaburini.

Hatukuwa na taa. Sikumwona.