Vumbi la Kumpokea Bwana Afya

Mama yangu, shikamoo. Jana Bwana Afya alikuja hapa Voi kutufundisha jinsi ya kujikinga na pumu. Ili kumpa heshima, chifu aliamuru kila mtu afagie uwanja wake, nasi tukafagia bila kunyunyiza hata tone la maji. Vumbi jekundu likapanda mpaka hatuonani. Mgeni akashuka garini, akasema, “Kinachoamsha pumu ni…” na kikohozi kikammalizia hotuba. Mimi mgonjwa wa pumu ndiye niliyempepea, kwa kofia yake mwenyewe! Chifu amefurahi sana. Anasema mgeni atarudi Jumatatu, kwa hivyo tufagie mara mbili. Kifua ulichonirithisha kinakusalimu kwa mluzi. Mungu akutunze huko Bomeni, Mama, na ukisikia serikali inakuja kukuokoa, funga madirisha.

Mwanao, Mwakio