Laptopu Iliyokataa Kulala Njiani Narung'ombe

Mpendwa dada Halima,

Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na watu wa Narung'ombe bado wananiita "mdogo wake bibi shamba". Naitika.

Ulipopewa kazi ya kupima mashamba ya mikorosho ili ugomvi wa mipaka upungue, mimi nilikuwa nafundisha Nachingwea. Nilikuazima laptopu yangu nikakwambia, "Ukimaliza shamba, funika tu. Italala, na kazi utaikuta ilipo." Nilijiamini mno.

Jioni ya siku ya kwanza ulirudi nyumbani kwetu ukaiweka mezani. Begi lilikuwa la moto, betri imekwisha, vipimo vya siku nzima vimepotea. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Bi Somoe amezunguka shamba lote na fimbo yake. Mguu wake mbovu unaujua."

Bi Somoe alikuwa mjane, na shemeji yake alisogeza mpaka kila msimu. Uliporudi kumwambia, tulifuatana. Akatuuliza, "Mnanitania, wanangu?" Uliinama wewe, ilhali wa kuinama nilikuwa mimi.

Nikaapa kuijua sababu. Wiki nzima, vipindi vikiisha, nilibaki shuleni kusoma kumbukumbu za mashine, kisha nikakueleza jikoni ukichambua mbaazi. Kabla kompyuta haijalala, kiini cha mfumo wake, yaani kerneli, huamuru kila programu isimame mahali salama na kuganda hapo. Zikishaganda zote, vifaa huzimwa, ubaki umeme kidogo tu wa kutunza kilichomo kichwani mwake. Ukiiamsha, vifaa hutangulia kuamka, halafu programu huachiwa, kila moja ikaendelea pale ilipoishia. Lakini ikiwepo hata moja isiyosimama, kerneli huisubiri kidogo, kisha huahirisha usingizi na kuziachia zote.

"Sasa iliyokataa ni ipi?" uliuliza.

Nilikuwa nimeiunganisha laptopu na faili zilizomo kwenye kompyuta ya ofisi yetu ya walimu. Kule shambani kompyuta hiyo haipatikani, na programu moja ilikwama ikisubiri majibu yake. Ikiwa katika kusubiri kwa namna hiyo, haisikii amri ya kuganda.

"Kumbe mashine haina kosa."

"Kosa langu, dada."

"Basi lirekebishe, tuna safari."

Niliukata ule muunganiko. Tukafunika na kufunua mara kumi mpaka ukaridhika, nawe ukaweka sharti lako: kuhifadhi kwanza, kufunika baadaye.

Bi Somoe alikubali kuzunguka tena. Ulimshika mkono mmoja, mimi wa pili, tukaenda mkorosho kwa mkorosho, mashahidi nyuma, shemeji yake kanuna pembeni. Ukahifadhi, ukafunika, na tulipofika Ruangwa mjini nikafunua laptopu. Vipimo vyote vilikuwepo, kialama cha kuandikia kikiwaka na kuzima mbele ya jina lake. Ulinikumbatia katikati ya stendi, watu wakitutazama. Ramani ilibandikwa ofisi ya kijiji, na mpaka ule haukusogezwa tena.

Ninakukosa, dada. Nakukosa zaidi ninapofanya jambo ambalo ungelifanya vizuri kuliko mimi. Hata hivyo sitakaa nikilia. Nimejifunza upimaji, nimeomba ruhusa shuleni, na Jumatatu naanza kupima kijijini Naipingo. Shamba la kwanza ni la mama mmoja ambaye bado sijaonana naye. Kaka zake wamenitumia salamu kwamba nisithubutu kukanyaga pale.

Nimewajibu kwamba nitafika asubuhi.

Lala salama.

Mdogo wako uliyemfundisha kuomba radhi, kisha kurudi kazini