Hedwiga, Dada Yetu wa Nyumba ya Masista

Mwaka umetimia, Hedwiga, tangu homa ya mapafu ilipokuchukua mwezi wa Machi 1953, mvua zikiwa bado nzito ziwani.

Mama yako alifariki akikuzaa huko milimani Namswea, nawe ukaletwa mchanga kwa masista, huku ufukweni mwa Nyasa. Ukakua nasi, yatima wenzako. Mtoto mpya akiletwa analia, ulimbeba mgongoni mpaka anyamaze, hata kama mikono yako ilikuwa na unga. Ulicheka ukiziba mdomo. Uji wako ulikuwa na madonge, nasi tuliunywa.

Hatukujua tumepungukiwa na nini mpaka Osmund, seremala wa Kitura, alipotaka kukuoa. Baba yake alikuja kuuliza posa aipeleke kwa nani.

"Mimi ndiye mama yake," Sista Luisa alimjibu.

"Sista, nakuheshimu. Lakini wajukuu wangu watakuwa na wajomba gani?"

Ukapanda Namswea kumtafuta baba yako, na kifurushi cha usipa, dagaa wetu wa ziwani, uliowakausha mwenyewe. Ulimpata. Ukamwamkia, "Shikamoo, baba." Akajibu kwa Kimatengo, nawe ulijua Kinyasa na Kiswahili tu. Mke wake ndiye aliyekufasiria: "Anasema mwanawe alizikwa pamoja na mama yake."

Kifurushi walikipokea.

Uliporudi hukulia. Osmund alioa kwingine. Tukawa tunakuita, huitiki. Siku moja tukichambua mboga ulituuliza, "Kama nilizikwa na mama, basi mimi ni mtoto wa nani?" Tukasema wewe ni dada yetu. Uliinama ukaendelea na mboga, tukaona jibu letu halikutosha. Mvua zilipokolea ukaugua, na dawa ulizozimeza ulizimeza kwa kutuonea huruma sisi.

Mwezi wa Agosti baba yako alishuka. Mke wake alikuwa amemkimbia, akataka binti wa kumpikia. Bonifasia, mmoja wetu, akampeleka makaburini. Mzee alikaa chini, akasema alikutambua siku ile ile, maana ulikuwa na sura ya mama yako. Alimwogopa mkewe. Akaomba jina la ukoo wake liandikwe msalabani. Tulikubali, kwa kuwa ulilifuata mpaka milimani. Kama ungelitaka bado, hatujui.

Sasa msalaba unasema Hedwiga Kinunda. Watoto uliowabeba wakiusoma wanatuuliza huyo ni nani. Tunawaambia ni wewe. Hawakubali, wanakwenda kukutafuta kwenye makaburi mengine.

Unakumbukwa na mama yako Sista Luisa, na dada zako Bonifasia, Teodora, Kunigunda na Rosa, pamoja na wadogo zako wote wa nyumba ya watoto. Ukoo wa kukupa hatukuwa nao. Maadamu tu hai, Hedwiga, hatutakusahau.