Bakuli Lenye Uzi Mwekundu

Mama Kashindye,

Dagaa wako juani nyuma ya nyumba. Mvua ikitokea ziwani, waanue. Maji ya mtoto yachemshe. Mimi nimekwenda zamu bila kunywa uji.

Uliniona nikiuacha. Uji wangu ulikuwa kwenye bakuli lenye uzi mwekundu, mbali na wenu. Kashindye alipokimbilia mapajani mwangu ukamwita, "Njoo huku, baba ana kifua!"

Sina kifua. Daktari alituchoma sindano ya kipimo mkononi wauguzi wote wa wodi ya kifua kikuu, na tisa kati ya kumi na mmoja tumevimba pale ilipochoma. Maana yake vijidudu vimo mwilini, ila vimelala. Sikohoi, sijakonda, siambukizi mtu. Huenda vikalala hivyo hadi nizeeke. Nilikueleza jana ukaitikia "ndiyo", kumbe ulikuwa unawaza uzi uko wapi.

~~Leo nitalala hospitali.~~

Lakini fundisho hilo la kumfungia mgonjwa uzi kwenye bakuli lake ni langu. Niliporudi na cheti cha uuguzi nilijifanya mwalimu wa mtaa mzima wa Kirumba, na bakuli la kwanza kulifunga uzi lilikuwa la baba yangu. Yeye alikohoa damu. Kutengewa bakuli ilikuwa haki. Ila miezi minne alikula uani peke yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuketi naye, hata kwa mbali. Nami nilijisifu kwa usafi.

Jioni nipakulie humo humo ukitaka. Ila njooni mle chakula pale nilipo, wewe na mtoto.

Baba Kashindye